Velda Teague na Pikapu Waliyoizika Ikiwa Hai

Velda alikuwa katika kibanda chake cha kuoshea mbwa, amelowa mpaka kwenye viwiko, anamsugua mbwa mkubwa mwenye manyoya kama zulia la sebuleni, Twyla alipousukuma mlango kwa kiuno na kuingia akipunga bahasha nene hewani.

"Imekurudia," Twyla alisema. "Ile fomu yako ya kesi. Na nikwambie, mji mzima umeshajua. Glenna kaiweka juu kabisa pale kaunta ya posta, maandishi yakitazama mlangoni."

"Glenna hana haya."

"Glenna ni dada yake Lonnie, shoga. Ulitaka akufunikie kwa leso?" Twyla akaegemea meza ya kukatia manyoya, akamtazama mbwa. "Halafu huyo unayemwosha ni wa nani?"

"Najua ni wa nani."

"Ni Biskuti."

"Nimesema najua."

Biskuti, mbwa wa Lonnie Bascom, alipiga chafya ya sabuni.

Kwa mgeni, bahasha iliyorudi ni bahasha iliyorudi. Lakini katika mji huu mdogo wa Orley hakuna mtu anayesema ana bima. Watu husema wana Lonnie, wakala wao wa bima. Magari mawili yakigongana mbele ya duka la mbegu, wenyewe hushuka, hushikana mikono, na mmoja huuliza, "Una Lonnie?" Mwenzake hujibu, "Nina Lonnie tangu nioe," na hapo hasira huisha. Kampuni yenyewe, ile yenye maghorofa yake katika jimbo jingine, wengi hawalijui hata jina lake. Wanaujua uso wa Lonnie, mwekundu na wenye kucheka, uliochapwa kwenye kalenda za jikoni, kwenye mapepeo ya kanisani, na kwenye ubao wa matokeo pale uwanja wa shule, mkubwa kiasi kwamba timu ikifungwa unaona kama Lonnie anaifurahia. Mama yake Velda alipofariki, Lonnie alifika wa kwanza na pai ya njugu za pekani, kabla hata ya mchungaji. Alikaa kwenye kochi, akalia machozi ya kweli. Velda hakulisahau jambo hilo.

Lakini kuna jambo jingine pia ambalo hakulisahau, nalo ni la pikapu.

Ilikuwa pikapu ya buluu. Velda aliinunua mara tu baada ya kuachana na mumewe, mtu aliyekuwa akisema mwanamke hana shughuli na pikapu, atabebea nini, mikoba? Velda alibebea mbwa, majani makavu, friji ya Twyla, na mara moja ndama wa jirani. Kila Jumamosi aliipiga nta mpaka mawingu yakajiona kwenye boneti. Kisha ikaja ile mvua ya mawe ya majira ya kuchipua, mawe makubwa kama ngumi, yakaipiga pikapu yeye akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda akipiga kelele kama vile mawe yana masikio. Yalipokwisha, pikapu ilikuwa imebonyeabonyea kama ganda la chungwa. Velda akaingia, akawasha. Ikawaka mara moja.

Hakuna mtu wa kampuni aliyekuja kuitazama. Waliitaka picha, Velda akapiga picha kwa simu, na huko mbali kompyuta ikaamua: gari limekufa, halifai kutengenezwa. Lonnie akaja na hundi kwa mkono wake na karatasi kadhaa. Katika karatasi hizo kompyuta ilikuwa imetafuta pikapu zinazofanana na ile zilizokuwa zikiuzwa, ikaandika bei zake, halafu ikazikata zote. Sababu iliandikwa chini kwa herufi ndogo, kwamba mnunuzi akibembeleza bei, muuzaji hupunguza.

"Nani aliyebembeleza?" Velda aliuliza siku ile.

"Ni makadirio tu, Velda," Lonnie alisema.

"Kwa hiyo wamekaa huko, wakajiuzia pikapu yangu wenyewe kwa wenyewe, wakajibembeleza, wakajipunguzia, mimi sikualikwa?"

Lonnie alicheka, akampigapiga begani. Velda alichukua hundi maana kodi ya kibanda ilikuwa imefika. Sehemu ya pesa hiyo aliitoa papo hapo kuinunua tena maiti ya pikapu yake kutoka kwa kampuni, kama wafanyavyo wengi wa kule, akapewa hati ya gari mfu, akaendesha hadi nyumbani. Ndiyo anayoendesha mpaka leo. Nta hakuacha kuipiga. Nta inaingia kwenye vile vishimo na kuganda, naye huitoa kwa mswaki.

Muda ukapita, ikaja kadi ya posta kutoka kwa wanasheria. Bibi mmoja wa mji wa Tulsa, ambaye Velda hamjui kwa sura wala kwa jamaa, alikuwa amekatwa bei vilevile, akaenda mahakamani kwa niaba yake na ya maelfu ya watu asiowajua. Kampuni ikapigana, ikachoka, ikakubali kulipa huku ikisema haijakosea kitu. Kila ambaye gari lake liliuawa na ile kompyuta angepata fungu lake kama angejaza fomu na kuituma. Asiyejaza hapati, na nafasi ya kushtaki baadaye nayo imepotea. Kadi zilifika Orley nyingi, maana mawe yale hayakuchagua paa. Nusu ya watu walidhani ni matapeli. Nusu walielewa vizuri kabisa, wakamfikiria Lonnie, wakazitupa kwenye pipa la takataka palepale posta, na baadhi walihakikisha Glenna anawaona wakitupa.

Velda akaijaza fomu. Jina, anwani, namba za gari. Akafika kwenye mstari mmoja ulioandikwa hivi: Nathibitisha, nikijua kwamba kusema uongo ni kosa la jinai, kwamba gari langu liliharibika kabisa.

Akakaa na kalamu hewani. Dirishani aliiona pikapu yake, imejaa magunia ya chakula cha mbwa. Basi akaukata ule mstari kwa kalamu nene, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: HUO NI UONGO. LIKO NJE LINANGURUMA. NJOONI MLIONE. Akatia sahihi.

Na hiyo ndiyo iliyorudi.

"Wanasema," Twyla alisoma, ameisogeza barua mbali na macho kwa sababu ya kusahau miwani, "dai lako lina kasoro. Umebadilisha maneno ya kiapo. Wamekupa fomu nyingine, uijaze bila kukata kitu, na muhuri wa posta usiwe wa baada ya Jumamosi." Akaishusha. "Jumamosi hii. Velda, uliwaandikia nini hawa watu?"

Velda akamwambia. Twyla alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo.

"Cheka," Velda alisema. "Yako iko wapi? Gari lako nalo lilikufa."

"Mimi nilitupa. Usinitazame hivyo! Mume wangu anacheza kwenye timu anayoidhamini Lonnie. Fulana yake ina jina la Lonnie mgongoni, kubwa kuliko namba. Nimpeleke uwanjani akiwa na fulana hiyo halafu mimi nimo mahakamani?"

"Si mahakamani. Ni bahasha."

"Kwa Orley ni mahakamani."

Mlango ukafunguka tena, na aliyeingia akawa Lonnie mwenyewe, kofia mkononi, amekuja kumchukua mbwa wake. Twyla akainuka kwenye ndoo kama mtu aliyekaa juu ya siafu, akakumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Bahasha aliiacha mezani, wazi.

"Dada Velda."

"Ndugu Lonnie. Masikio yake hayajakauka."

"Nitangoja." Lonnie akaitazama bahasha, akatazama pembeni, akaitazama tena. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo lilimchosha Velda zaidi. Mtu wa hasira unamjibu. "Nasikia unanishtaki."

"Wewe sikushtaki. Ni kampuni."

"Hundi ile nilikuletea mimi. Kwa mkono huu."

"Uliileta pungufu."

"Sikuipunguza mimi! Ni kompyuta ya huko."

"Basi tunaishtaki kompyuta. Wewe inakuuma wapi?"

Lonnie akavuta kiti, akakaa, akazungusha kofia kwenye magoti. "Huko juu wanatazama, Velda. Mji wenye madai mengi unaonekana mji mbaya. Wameshafunga ofisi ya mwenzangu wa barabara ya kusini. Wakinifunga mimi, mtapiga simu, mtabonyeza moja, mtabonyeza mbili, na hakuna atakayewapokea. Mtanitafuta."

Velda akawasha mashine ya kukaushia ili asijibu. Hewa ya moto ikampeperusha Biskuti masikio. Maana jambo hilo lilikuwa kweli, au lilifanana na kweli, na lilimgusa. Ni nani mwingine angekuja na pai? Kompyuta haiji na pai. Kwa muda akafikiri: niiache tu. Fungu lenyewe pengine halitatosha hata tairi moja. Niiache, tuendelee kusalimiana.

Alipozima mashine, Lonnie alikuwa amesimama karibu.

"Iache tu bahasha hiyo," alisema kwa upole. "Ifanye kwa ajili ya mama yako. Alinipenda kama mwanawe."

Velda akaweka brashi chini.

"Mama yangu alikupenda," alisema, "na alikulipa kila mwezi, miaka yote, hata mwezi ambao tulikula viazi peke yake. Usimtie humu. Mbwa wako yuko tayari."

Lonnie akafungua pochi, akalipa, akaongeza zaidi ya ilivyo kawaida yake. Velda akamrudishia ile nyongeza mfukoni mwa shati. Mlangoni, mkanda wa mbwa mkononi, Lonnie akasema bila kugeuka, "Na lile jambo la Ijumaa, chakula cha zimamoto. Wamenituma nikwambie mkate wa mahindi wa mwaka huu upo wa kutosha. Usijisumbue."

Ndiyo hivyo. Velda ndiye anayeoka mkate wa mahindi wa kulia na maharage kwenye chakula hicho cha kila mwaka tangu alipokuwa na nywele nyeusi.

Alipobaki peke yake alipiga ile namba iliyo kwenye barua. Ulipigwa muziki mrefu, kisha akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Ndiyo, mama, nimeiona fomu yako," kijana alisema. "Kusema kweli, mama, hapa ofisini tuliisoma wote."

"Vizuri. Kwa hiyo mnakuja kuiona?"

"Hapana, mama. Inabidi utie sahihi kwenye maneno yaliyopo, kwamba gari liliharibika kabisa."

"Nasikia injini yake ikipoa huko nje sasa hivi. Nitiaje sahihi?"

"Mama, mimi si mwanasheria."

"Wala mimi. Tuko sawa. Endelea."

"Swali si kama gari lilikufa. Swali ni kama wao walisema limekufa. Wasingesema hivyo, usingekuwa na dai. Watu ambao magari yao hayakutangazwa kufa hawamo katika kesi hii."

"Kwa hiyo niape uongo wao."

"Sijasema hivyo, mama."

"Lakini ndivyo ulivyosema."

Kijana akavuta pumzi. "Jumamosi, mama. Muhuri wa Jumamosi." Na muziki ukarudi.

Fomu mpya ikalala mezani. Jina alijaza. Anwani akajaza. Mstari ule wa kiapo akauzunguka kama paka anavyozunguka maji. Twyla akamwambia kwa simu, tia sahihi wewe, nani atakufunga? Velda akamjibu kwamba si habari ya kufungwa. Maisha yake yote watu wamemwandikia mambo. Mumewe alimwandikia kwenye hati ya talaka kwamba ni mkaidi. Sawa, hilo alilikubali, lilikuwa kweli. Lakini kuitia sahihi pikapu yake kwamba ni maiti ilikuwa kama kumsaliti rafiki aliyembeba.

Ijumaa akaoka mkate wa mahindi. Masinia matatu, ya chuma, yaliyopakwa mafuta ya nguruwe, mkate umeiva mpaka pembe zikawa za kahawia. Akayapanga kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akayafunga mkanda.

Ukumbi wa zimamoto ulikuwa umejaa. Magari ya zimamoto yametolewa nje, meza zimepangwa mahali pake, masufuria ya maharage yanatoa mvuke, vitunguu vibichi vimekatwa, chai ya baridi yenye sukari imo kwenye madebe. Velda alipoingia na masinia yake, mazungumzo yalipungua kama redio iliyopunguzwa sauti. Mezani kulikuwa na mkate wa mahindi wa dukani, ndani ya karatasi za plastiki.

Akayasogeza yale ya plastiki pembeni kwa kiwiko, akaweka yake katikati.

"Velda," alisema mzee mmoja wa zimamoto, akinong'ona, "tulidhani umeambiwa."

"Niliambiwa."

Akajipakulia maharage, akakaa kwenye meza ya nyuma. Kiti cha kulia kwake hakikukaliwa, wala cha kushoto. Twyla, kutoka meza ya timu, alimpungia kwa vidole viwili chini ya meza, kwa siri, kama mtu anayemtupia mbwa kipande. Lakini Velda aliona kitu kingine pia: mkate wake ulikuwa unaisha. Watu walipita, wakatazama juu ya dari, mikono yao ikachukua.

Halafu Lonnie akasimama kusema maneno machache, kama afanyavyo kila mwaka, maana maharage ni yeye aliyeyalipia. Akashukuru zimamoto. Akataja watoto wa shule. Akasema Orley ni familia, na kwenye familia watu wanazungumza, hawakimbilii wanasheria wa Tulsa. Watu wakapiga makofi. Lonnie akaona makofi ni matamu, akaongeza.

"Kuna gari la buluu hapo nje," alisema, akitabasamu ule uso wa kalenda. "Mmeliona wote. Limekuja hapa leo kwa miguu yake. Niambieni, hilo ni gari lililokufa? Maana kuna mtu anataka alipwe ya msiba, na marehemu ndiye aliyemleta!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Velda alikiona ni kichekesho kizuri. Aliona aibu kidogo kwamba hakukifikiria yeye. Kisha kile kichekesho kikamgeukia kichwani, kikamwonyesha upande wake wa pili, na akajikuta amesimama, kijiko mkononi.

"Lonnie."

"Dada Velda. Ni utani."

"Najua ni utani. Mzuri. Sasa niambie, nani aliyesema imekufa?"

Kicheko kikapungua.

"Mimi sikusema," Velda aliendelea. "Mimi niliiwasha mbele yako siku ile ya hundi. Ikanguruma, ukasikia. Ukanipa karatasi, ukaniambia, pole Velda, imekufa. Hati yenyewe ninayo, imeandikwa gari mfu, kwa sababu hiyo siwezi kuiuza kwa bei ya maana kwa mtu yeyote mwenye akili. Sasa leo unauliza watu kama imekufa! Chagua moja. Kama ilikufa, nilipeni pikapu nzima. Kama haikufa, mlizika nini?"

Mtu mmoja huko nyuma alisema, "Ee, hata yangu," halafu akakohoa kana kwamba hakusema.

"Velda, nimekwambia, hayo ni ya kampuni," Lonnie alisema. Wekundu wa uso ulikuwa umeshuka mpaka shingoni.

"Na mimi niliwaambia watu hivyohivyo. Nilisema si Lonnie, ni kampuni. Nimekutetea mpaka kwa mbwa wako."

"Kampuni ni mimi!" Lonnie alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hapa Orley kampuni ni mimi. Anayekuja na hundi ni mimi, anayekuja msibani ni mimi. Ukiipiga kampuni, umenipiga mimi."

Velda akamtazama. Aliliona kochi la mama yake, na mtu huyuhuyu akilia juu yake, na hakutaka kuliondoa machoni.

"Basi ni wewe," alisema. "Nilitaka usiwe wewe. Wewe mwenyewe umekataa."

Akakaa. Akala maharage yake yote mpaka chini ya sahani, polepole, kitunguu na kila kitu, viti viwili vitupu vikimlinda. Alipomaliza akakusanya masinia yake, na yote matatu yalikuwa matupu.

Asubuhi yake, Jumamosi, aliisoma ile fomu tena akiwa amesimama, kahawa mkononi. Nathibitisha kwamba gari langu liliharibika kabisa. Safari hii maneno yale hayakumwuma. Hayakuwa maneno yake juu ya pikapu. Yalikuwa maneno yao, na sasa alikuwa anayashika shingoni na kuwarudishia. Waliiua kwa karatasi. Kwa karatasi wataigharamia. Akatia sahihi, kubwa, mpaka mkia wa jina ukatoka nje ya kisanduku.

Posta ya Orley hufungwa saa sita Jumamosi. Velda alikuta foleni: watu na vifurushi vyao, Twyla na mumewe mwenye fulana ya timu, wengine waliokuwa ukumbini jana. Foleni ilikwenda kwa mwendo wa Glenna, na Glenna siku hiyo alikuwa na mwendo wa pekee. Alipima kila kifurushi mara mbili. Aliuliza habari za watoto. Alikwenda nyuma kutafuta gundi, akarudi bila gundi. Mshale wa saa ya ukutani ulikuwa unakwea kuelekea saa sita.

Zamu yake ilipofika, Glenna alinyoosha mkono bila kumtazama. "Iweke kwenye kikapu."

"Kikapu kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda Oklahoma City kama vikapu vyote. Huko ndiko wanakopiga muhuri."

"Wa Jumatatu."

"Mimi siendeshi lori."

"Nataka muhuri wa hapa, Glenna. Wa leo. Kwa mkono wako, mbele ya macho yangu."

Glenna aliishika bahasha kwa ncha za vidole, akaisoma anwani ingawa alikuwa anaijua.

"Kaka yangu hakulala jana," alisema kwa sauti ya chini.

"Wala mimi."

"Alikuja kwenye msiba wa mama yako."

"Alikuja. Na akija mgonjwa kesho, nitampelekea supu, na akitaka ataikataa. Piga muhuri."

Glenna akatazama saa. Velda naye akaitazama. Saa sita ilikuwa bado, lakini kidogo sana. Glenna akajinyoosha, akalainisha kola ya shati lake la serikali. Lilikuwa shati lililopigwa pasi vizuri kuliko shati lolote pale Orley.

"Usinidhanie vibaya," alisema. "Ndani ya dirisha hili mimi si dada wa mtu."

Akauchukua muhuri, akaugonga. Pa. Akaisogeza bahasha kwenye rundo.

"Ngoja," Velda alisema. "Nionyeshe."

"Nini?"

"Nionyeshe tarehe."

Glenna akaigeuza. Duara lilikuwepo, na jina la mji, lakini tarehe ilikuwa kivuli tu, wino umeishia njiani. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa siku yoyote.

"Hausomeki," Velda alisema. "Rudia."

"Velda, kuna watu wanangoja."

"Wangoje."

"Tutangoja," alisema mume wa Twyla kutoka nyuma, sauti yake ikipanda kidogo mwishoni kama ya mvulana. Watu wakageuka kumtazama. Akashika kofia yake vizuri, akatazama chini, lakini hakuyarudisha maneno. Twyla alimshika mkono.

Glenna akafungua kidau cha wino. Akauchovya muhuri, akauinua juu, akaugonga kwa nguvu iliyotikisa mpaka mizani, na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo ikadondoka na kuning'inia. Tarehe ilikaa pale nyeusi, yenye majimaji, kila namba ikionekana.

"Umeridhika?"

"Bado," Velda alisema, akaweka sarafu kaunta. "Nipe risiti."